BAKWATA si idara ya Serikali: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ni EAMWS iliyobadilishwa jina.

Hapana. EAMWS, jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ilianzishwa Mombasa mwaka 1945 kwa msukumo wa Aga Khan, Sultan Mohamed Shah, ikajenga misikiti na shule katika nchi zetu. BAKWATA ni zao la mgogoro wa 1968. Adam Nasibu, katibu wa EAMWS kule Bukoba, aliongoza waliojitoa wakitaka Waislamu wa Tanzania wawe na chombo chao wenyewe. Tewa Said Tewa, rais wa EAMWS Tanzania, alibaki upande wa pili. Desemba mwaka huo mkutano uliofanyika Iringa ukazaa BAKWATA, na mwezi huohuo Serikali ikaipiga EAMWS marufuku. Mali zake zikaishia mikononi mwa baraza jipya. Wapo hadi leo wanaosema chombo hiki waliletewa tu, na anayeshangaa kwa nini baadhi ya misikiti haijali tangazo la mwezi kutoka Kinondoni, makao makuu ya BAKWATA, aanzie hapo. Si suala la mwandamo peke yake.

Dhana: Mufti huteuliwa na Rais, na ni wa Tanzania nzima.

Watu huchanganya pande mbili za Muungano. Zanzibar ina Ofisi ya Mufti iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, na Mufti wake huteuliwa na Rais wa Zanzibar. Bara hakuna sheria ya namna hiyo. Mufti wa BAKWATA hupatikana kwa uchaguzi wa ndani, kwa mujibu wa katiba ya baraza lenyewe. Issa Shaaban Simba alipofariki Juni 2015, Abubakar Zubeir alikaimu kwanza, kisha akachaguliwa mwaka huohuo. Chini ya Mufti kuna masheikh wa mikoa, wilaya na kata. Hawa si watumishi wa umma, ingawa huketi mstari wa mbele kwenye hafla za mkuu wa mkoa. Nadhani viti hivyo ndivyo vinavyowachanganya wengi.

Dhana: karatasi ya talaka ya BAKWATA inamaliza kila kitu.

Hili ndilo linaloumiza watu, hasa wanawake. Kidini, talaka inaweza kuwa imepita. Lakini kwa Sheria ya Ndoa ya 1971 anayevunja ndoa ni mahakama, na ni mahakama hiyo inayogawa mali iliyochumwa pamoja. Mke aliyeshika karatasi tu, akaenda kudai nusu ya nyumba, atarudishwa.

Kazi ya BAKWATA hapo ni kukaa kama baraza la usuluhishi la ndoa. Sheria inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wanandoa wote wawili waitwe, wasikilizwe, na baraza likishindwa kuwapatanisha litoe hati, ambayo wengi wanaijua kama Fomu Namba 3. Hati hiyo ndiyo tiketi ya kufungua shauri, na Mahakama ya Mwanzo inatosha.

Inapoharibika huharibika hivi: imamu mmoja ameandika barua na kugonga muhuri bila kikao, au mume hakuitwa kabisa, au hati inasema "tumewatalikisha" badala ya kusema baraza limeshindwa kusuluhisha. Shauri linaweza kutupwa kwa kasoro hiyo, hata baada ya miaka miwili ya kupanda na kushuka ngazi za rufaa, na mhusika akaanza upya. Kabla hujaondoka ofisini soma hati: majina, tarehe ya kikao, saini za wajumbe, na ile sentensi ya kushindwa kusuluhisha.

Kwa ndoa iliyofungwa Kiislamu kuna nafuu moja. Hati ikiwa sawa, na ikithibitika kwamba baada ya hapo talaka imetolewa kwa namna ambayo Uislamu unaitambua, kifungu cha 107(3) kinaitaka mahakama ikubali kuwa ndoa imevunjika. Basi karatasi ya talaka iliyotolewa baada ya hati usiitupe. Iambatanishe na hati.

Dhana: kadhi wa BAKWATA ni hakimu.

Zanzibar, ndiyo, Mahakama ya Kadhi imo ndani ya mfumo wa mahakama. Bara kadhi hushauri, hupatanisha na kugawa mirathi kwa waliokubali kumsikiliza. Ndugu mmoja akigoma, kadhi hana dalali wa mahakama wa kumtuma. Msimamizi wa mirathi huteuliwa mahakamani.