Steringi akishinda kwa mikono yake: jinsi muvi zinavyogeuza fundisho la riwaya za kifantasia

Wadau, mimi nafundisha fasihi hapa Mbeya, na hakuna muhula unaopita bila mwanafunzi kuniandikia insha nzima juu ya The Lord of the Rings kumbe kaangalia muvi tu. Siwalaumu sana, kitabu chenyewe kina kurasa zaidi ya elfu moja, wakati muvi unawekewa kwenye flashi pale Mwanjelwa kwa jero na DJ kashakutafsiria kila kitu. Shida ni kwamba wanaamini fundisho ni lilelile, na sio lilelile hata kidogo.

Chukua mwisho wenyewe. Frodo, steringi wa hadithi, kaibeba ile pete ya uovu toka kwao mpaka kwenye mlima wa moto ili aitupe humo iangamie, kafika ukingoni kabisa, na hapo anashindwa. Ndio, kwenye riwaya ya Tolkien, juzuu la mwisho lililotoka 1955, steringi anashindwa, anasema pete ni yake na anaivaa. Gollum, kiumbe aliyewahi kuwa na pete hiyo na bado anaitamani, anamrukia, anamng'ata kidole mpaka kinakatika, anaanza kucheza kwa furaha huku kaiinua pete juu na kidole cha mwenzie bado kimo ndani, anakosea hatua moja, anaporomoka nayo motoni. Hakuna aliyemsukuma. Sasa rudi mwanzo wa kitabu, mchawi mzee Gandalf anamwambia Frodo kwamba ile huruma ya Bilbo, ndugu yake aliyekuwa na pete kabla yake, aliyekuwa na upanga mkononi akamwacha Gollum hai, inaweza kuja kuamua hatma ya wengi. Frodo naye anamwachia, na hata Sam, rafiki anayesafiri naye, aliyekuwa hamtaki kabisa, anamwachia palepale kwenye miteremko ya mlima. Yaani dunia inaokoka kwa sababu watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikataa kumuua kiumbe ambaye kila mtu angesema anastahili kufa.

Muvi ya Peter Jackson ya 2003 inagusa kitu kidogo tu hapo. Frodo anainuka, anamvaa Gollum, wanagombania pete, wote wawili wanadondoka, mmoja anaenda na moto, mwingine ananing'inia kwenye jiwe. Na hiyo ni nafuu, maana watengenezaji walianza na wazo la Frodo kumsukuma makusudi, wakaona itaonekana mauaji, wakaamua iwe purukushani. Nawaelewa, mtu kakaa zaidi ya saa tatu anataka kumuona steringi anafanya kitu. Ila matokeo yake ile huruma inabaki kuwa maneno mazuri ya mzee, iliyomaliza kazi ni mikono. Kwenye kibanda cha video inazidi, nimeshamsikia DJ akipiga kelele pale pale "mmalize huyo, mmalize!" na ukumbi mzima unaitikia, na kwa jinsi sini ilivyopigwa siwezi kusema DJ kakosea.

Kuna na sehemu iliyokatwa kabisa, na hii inaniuma zaidi. Kwenye kitabu, hobiti wanne, yaani Frodo, Sam na wenzao wawili wa jamii yao ya watu wafupi, wanarudi kwao wakiwa mashujaa na kukuta nyumbani kumeharibiwa, miti imekatwa hovyo, kinu kinachafua mto, majambazi wanawapangia watu sheria, na Sam anabubujikwa na machozi mbele ya mti mmoja tu uliolazwa chini. Mtu wa Rungwe aliyekuta msitu wa matambiko wa babu zake umegeuzwa mkaa hahitaji kuelezwa hapo. Halafu Saruman, mchawi aliyesababisha yote, anajaribu kumchoma Frodo kisu, na Frodo bado anawakataza wenzie wasimuue. Muvi inawarudisha nyumbani kuko vilevile, wanakaa kilabuni wanakunywa, basi. Kwa Tolkien vita haimwachi mtu wala kijiji, kwa muvi vita ni kitu cha mbali huko.

Wengine wanakatisha hadithi mapema tu na fundisho linapinduka lenyewe. The Neverending Story ya Mjerumani Michael Ende, 1979, ina nusu mbili. Nusu ya pili mtoto Bastian ameingia ndani ya kitabu anachosoma, anapewa uwezo wa kutamani chochote, na kila tamanio linamla kumbukumbu moja ya kwao, hajui. Anavimba kichwa mpaka anataka kujitawaza mfalme, mpaka anafika mji wa watu waliowahi kutaka hivyohivyo, hawana tena kumbukumbu hata moja, wako tu wanarusha madadu yenye herufi wakisubiri labda itatokea hadithi. Inatisha kuliko zimwi lolote.

Muvi ya 1984 imeishia nusu ya kwanza. Bastian anapanda joka, wanatokea mjini kwao, anawakimbiza watoto waliokuwa wanamuonea. Watu wanashangilia, na tamanio lile la kulipiza, ambalo kwenye riwaya ndio aina ya kitu kinachomla mtoto, hapa limekuwa zawadi. Ende aliikana muvi hiyo, akaenda mpaka mahakamani, akashindwa. Kisheria sawa, ila kwenye fasihi mimi niko upande wake moja kwa moja.