Kudhibiti hasira ukiwa unafanya kazi na vijana wanaowindwa na itikadi kali

Wengi wakisikia kudhibiti hasira wanadhani ni kumfundisha kijana anyamaze, ahesabu mpaka 10 yaishe, hapana sio hivo. Ni ujuzi wa kuitambua hasira mapema inapopanda na kujua imetoka wapi, ili mtu aamue mwenyewe atafanya nini. Mwanasaikolojia Raymond Novaco, alieandika kuhusu tiba ya kudhibiti hasira mwaka 1975, anaiangalia hasira kwenye mwili (moyo kwenda mbio, misuli kukaza), kwenye mawazo (“amenidharau makusudi”) na kwenye tabia.

Sasa kwa kijana anaezungukwa na wasajili wa makundi ya itikadi kali (wale wanaovuta vijana wajiunge) ishu ni nzito zaidi, maana hasira yake mara nyingi ina sababu ya kweli kabisa, amebaguliwa, amedhalilishwa, kaona ndugu yake anaonewa na hakuna aliejali. Msajili mara nyingi anaanzia hapohapo, anamwambia una haki ya kukasirika halafu anamuonesha adui. Ndo maana ukimwambia “tulia bwana, unakasirika bure” unamsukuma hukohuko, kwa sababu yule mwingine angalau alimsikiliza. Kwanza kiri kwamba aliumizwa, halafu msaidie kutenganisha, kukasirika ni haki yake ila kuwachukia watu wote wa dini au kabila fulani ni jambo lingine, na hapo maswali yanasaidia kuliko mahubiri: nani hasa alikukosea? ungetaka kibadilike nini? ukilipiza nani anafaidika? Na ile ya kumwambia apige mto atoe hasira achaneni nayo, tafiti zimeonesha inaweza hata kuiongeza.

Kinachosahaulika sana ni hasira ya mtaalamu mwenyewe, awe mwalimu, mshauri au afisa ustawi wa jamii. Kijana akitamka chuki inayogusa watu wako lazima damu ichemke, lakini ukimfokea unamthibitishia alichoambiwa, kwamba nyie wote mnamchukia. Shusha pumzi taratibu, punguza sauti, ikikushinda sema wazi “hiyo kauli imeniumiza, tupumzike kidogo tuendelee”, baadae ongea na msimamizi wako, na kama bado inakukaa moyoni mwenzako aichukue hiyo kesi, sio aibu.

Halafu jamani, kijana mwenye hasira sio lazima awe na itikadi kali, msimripoti kwa sababu ya kufoka tu. Akianza kutaja mtu wa kumdhuru, mahali au silaha, hapo sio mazungumzo ya hasira tena, fuata utaratibu wa usalama wa kazini kwako siku hiyohiyo.