Mbwa anaanguka na kutapatapa: ni kichaa, ni jini, ama ni kupe?

Haya ni maswali ambayo watu huku Malindi wananiuliza sana kuhusu mbwa wao, kuanzia Maweni na Ganda mpaka Gede. Nimeyaweka pamoja manake mbwa wengi wanauawa ama wanaachwa wafe kwa ugonjwa ambao ungetibika mapema.

Mbwa wetu wa getini kaanguka ghafla, anatapatapa na mate yanamtoka. Majirani wanasema ana jini, wengine wanasema ni kichaa tumpige tu afe. Tufanyeje?

Msimpige. Na msimshike mdomo wala msimtie kijiko, mbwa akiwa kwenye degedege hajui anang'ata nani hata kama siku zote ni mpole. Ondoeni watoto, ondoeni viti na vyombo vilivyo karibu yake, kama yuko juani mkingeni jua, punguzeni kelele, halafu mmoja atoe simu arekodi video na aangalie saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, ama anatulia kisha inamrudia tena na tena, hiyo si ya kungoja kesho. Hiyo video itawasaidia sana kwa sababu mkifika kwa daktari wa mifugo mara nyingi mbwa ashasimama anatingisha mkia na kila mtu anaeleza lake.

Kichaa cha mbwa ni virusi, si vimelea, lakini lazima kifikiriwe kila mara, hasa kama hana chanjo, sauti imebadilika, taya limelegea, anang'ata ovyo ama kinyume chake kajificha gizani hataki mtu. Kama ameng'ata mtu, ama mate yake yameingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kisha hospitali siku hiyohiyo, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Daktari anasema ni kupe. Lakini kupe yuko kwenye ngozi, ubongo unaingiaje hapo?

Kupe mwenyewe haendi kokote, anachokiacha ndicho kinachosafiri. Akinyonya damu anamwachia mbwa kimelea kidogo sana kinaitwa babesia, kinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, kinazaana humo na kuzipasua, ndio maana ukimfunua mdomo unakuta fizi zimekuwa nyeupe ama za manjano na mkojo umekuwa na rangi ya kahawa tungu. Sasa kuna babesia kali ya huku Afrika inaitwa Babesia rossi, hiyo kwa mbwa wengine chembe zilizoambukizwa zinanasa kwenye mishipa myembamba ya ubongo, damu haipiti vizuri, sehemu za ubongo zinakosa oksijeni na nyingine zinavuja damu, hapo ndipo unamuona anayumba, anazunguka mahali pamoja, hakutambui wewe uliyemlea, anaanguka, na anaweza kufa kwa muda mfupi sana. Ukijua malaria ikipanda kichwani inavyomfanya mtu basi na hii inafanana nayo.

Kwa hivyo fizi zikianza kupauka na hali chakula, usingoje degedege. Tone moja la damu chini ya hadubini linaonyesha, na mara nyingi ikikamatwa mapema inatibika. Na kupe watafute kwenye masikio kwa ndani, chini ya kola, kwapani, chini ya mkia, na hasa katikati ya vidole. Watu wengi wanaangalia mgongo peke yake halafu wanasema mbwa hana kupe.

Sisi tunakaa karibu na msitu, mbwa amekonda na macho yameweka ukungu wa bluu. Ni mtoto wa jicho?

Inaweza kuwa, lakini ukiwa Gede ama popote karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke ningefikiria mbung'o kwanza. Anamwambukiza mbwa kimelea kinaitwa tripanosoma, ile ile nagana wanayoijua wenye ng'ombe. Homa inakuja na kupotea, tezi zinavimba, macho yanaingia ukungu, na ile aina inayoitwa brucei haitulii kwenye damu, inatoka na kuingia mpaka kwenye maji ya ubongo. Dawa inayotumika sana haifiki vizuri huko ndani, ndio maana wengine wanapata nafuu halafu baada ya wiki kadhaa wanarudi kuugua na safari hii wanayumba. Sema mapema kwamba mbwa anaingia msituni, daktari akijua hilo anapima tofauti.

Kwani sindano ya ng'ombe si tunaweza kumdunga wenyewe? Ipo duka la dawa za mifugo.

Hapana, na hili naomba mnisikie. Ile diminazini ya ng'ombe, dawa ya babesia na nagana, kwa mbwa nafasi kati ya dozi na sumu ni ndogo sana, ikizidi inamletea kuvuja damu kwenye ubongo, yaani dalili zilezile ulizokuwa unazikimbia. Na aivamektini ya ng'ombe, ile dawa ya minyoo, pia ukikadiria kwa macho mbwa anapofuka, anayumba, anazimia. Apimwe uzito kwanza.

Watoto wawili wa mbwa wetu, wa tumbo moja, miguu ya nyuma imekakamaa, hawasimami. Mama yuko sawa kabisa.

Hapo fikiria neospora, kimelea kingine kidogo sana. Iligunduliwa kwa mbwa kule Norway mwaka 1984 na ikapewa jina 1988. Mama anaweza kuwa nayo kimya kisha akawapa watoto wakiwa tumboni, inaharibu neva na misuli, miguu inanyooka na kuganda. Inatibiwa kwa dawa za wiki kadhaa, lakini mguu ulioganda kabisa mara nyingi haurudi, kwa hivyo usikae nao nyumbani ukiwachua na mafuta ya nazi. Mbwa anaipata kwa kula nyama mbichi na kondo la nyuma la ng'ombe, na mavi yake yakiingia kwenye malisho ng'ombe wanaharibu mimba. Zalio, yaani hilo kondo, lizike.

Na minyoo?

Wengi wanakaa tumboni tu. Ila kuna mmoja, Spirocerca, mbwa anaupata akila wale wadudu wanaoviringisha mavi, ama mjusi, ama matumbo mabichi ya kuku, na safari nyingine mnyoo huo unapotea njia ukaingia uti wa mgongo, mbwa analala mzima anaamka amepooza nyuma. Matumbo ya kuku yachemshwe.

Mimi simgusi mbwa kwa sababu ya udhu, tunaye wa kulinda tu. Nitamkaguaje?

Vaa glavu ndefu za mpira na utumie kibanio, ama mpe kazi hiyo bawabu. Rahisi zaidi ni tembe ya kupe unayoiweka ndani ya chakula, nyingine zinakaa mwezi mzima, nyingine zaidi, na hakuna kumshika. Ukitumia dawa ya kupaka ama kunyunyiza soma kwanza kama ina pamethrini, dawa ya kuua wadudu, manake kwa mbwa haina shida lakini paka akijisugua hapo inamletea degedege na anaweza kufa, na nyumba zetu hazikosi paka.