Kupaka rangi Datsun 240Z nyumbani: kazi yote iko chini ya rangi

Kila nikiweka picha ya gari ya zamani iliyotoka kupakwa rangi, swali la kwanza ni lile lile, umetumia rangi gani fundi, na mimi jibu langu halibadiliki, hicho ndicho kitu cha mwisho kabisa kuuliza. Kazi kubwa huioni, iko kwenye bati, kwenye fila ile ya kujazia mabonde ya bati, kwenye praima inayopigwa chini ya rangi, kwenye msasa uliosuguliwa mpaka mabega yakauma. Rangi haifichi kitu jamani, rangi inaanika. Bodi ikiwa na mawimbi halafu ukaipulizia rangi ya kung'aa, basi hayo mawimbi ndio umeyatangaza mtaa mzima.

Leo naongea na wale ambao wako na gari ya spoti ya zamani, labda ya mzee, imekaa nyuma ya nyumba chini ya turubai miaka na miaka, na wanataka kuifanya wenyewe pale pale nyumbani. Nitachukua Datsun 240Z kama mfano, manake naipenda kuliko zote na nimeishika mkononi, na pia hii gari ni ya kwetu kwa namna yake. Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally ya 1971, enzi zile mbio zinapita Kenya, Uganda na Tanzania, halafu 1973 akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa hapa Uganda, mwaka mmoja tu baada ya Amin kuwafukuza Wahindi, akashinda kwenye 240Z baada ya kufungana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Gari za timu ya Datsun zilikuwa nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisirudi machoni mwa dereva. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuirudisha 240Z barabarani Kampala, mimi namsaidia kwa moyo wote.

Tuanze na kutu. Bati la hii gari ni jembamba na wakati ule kinga ya kutu haikuwa kama ya leo, ndio maana kutu inakaa sehemu zile zile karibu kila gari. Angalia chini ya betri kwanza, asidi ikimwagika pale inakula bati taratibu, halafu sakafu chini ya miguu, halafu yale maboksi ya chini ya milango, halafu madigadi ya nyuma juu ya tairi, na pale chini ya kioo cha mbele majani yanapojazana na kushika maji. Chukua bisibisi ugonge ugonge, bati zima lina sauti kavu, lililooza linanyamaza au bisibisi inapita. Chukua pia sumaku ndogo uifunge kitambaa laini isikwaruze, itembeze polepole, pale inapoacha kushika jua kuna fila nene chini, yaani kuna fundi mwingine alishapita hapo akajaza shimo na kwenda zake.

Bati lililooza linakatwa. Usipige kiraka juu ya kutu, usijaze fila kwenye shimo, kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe halafu chomelea bati jipya. Hapa kama huna mkono wa kuchomelea sioni aibu yoyote kumwita fundi, Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, kuna watu wanakaa na bati bapa na nyundo na gogo, na jioni bati limeshakuwa madigadi, nawaheshimu sana wale watu. Ila simama nao. Bati jembamba likichomelewa mstari mzima kwa mkupuo mmoja linapata joto linajikunja, na huo mkunjo utakutesa wiki nzima, kwa hiyo mwambie apige nukta moja hapa, aruke apige nyingine mbali, aache lipoe, arudi katikati, hivyo hivyo mpaka nukta zikutane. Inachosha lakini ndio njia.

Baada ya hapo ni kunyoosha. Macho yanadanganya kwenye bati, kiganja hakidanganyi. Weka kitambaa chembamba chini ya kiganja ili kiteleze, pitisha mkono wote kwa urefu wa gari, sio vidole, kiganja kizima, kutoka taa ya mbele mpaka nyuma, na utasikia bonde ambalo hulioni. Na kabla hujafungua kopo la fila rudisha milango, boneti na mlango wa nyuma, funga kila kitu mahali pake, panga nafasi kati ya mlango na madigadi mpaka zilingane, manake ule mstari wa ubavuni kwenye 240Z unapita kwenye madigadi unaingia mlangoni unatoka nyuma, ukinyoosha kila kipande peke yake mezani basi siku ya kufunga mistari haitakutana.

Sasa bati tupu kwa hewa yetu ya Kampala halingoji, liache usiku mmoja asubuhi lina wekundu. Kwa hiyo ukishamaliza sehemu, safisha grisi, kausha, piga praima ya epoksi siku hiyo hiyo, ile inashika chuma na inaziba unyevu, zile praima za kawaida zinapitisha maji kama kitambaa. Fila inaweza kukaa juu ya epoksi vizuri tu ukiikwaruza kwanza, fuata muda ulioandikwa kwenye kopo.

Fila ndio pahali watu wengi wanaharibu. Changanya kwenye kipande cha kioo, sio karatasi ya boksi, boksi linanyonya na linaachia nta. Hadina, ile dawa ya kuigandisha fila, ni kidogo sana, kama asilimia 2 ya uzito wa fila, watu wanaongeza ili iwahi kukauka halafu miezi ikipita wanaona doa la njano linachungulia kwenye rangi nyeupe, hiyo ni hadina iliyozidi. Unene usizidi milimita 3 au hivi, ukiona unahitaji zaidi rudi kwenye nyundo. Na hili nalisema kwa herufi kubwa, USISUGUE FILA NA MAJI. Naona gereji nyingi mjini wanafanya hivyo ili vumbi lisiruke, lakini fila inakunywa maji, maji yanabaki ndani, unaziba na praima na rangi, gari inatoka nzuri sana, halafu inaanza kupigwa na jua na rangi inatoka malengelenge. Fila inasuguliwa kavu, vaa maski ya vumbi, maji yasubiri mpaka ufike kwenye praima.

Cha kusugulia tafuta ubao wa mvule ulionyooka kabisa, kama futi moja na nusu, gundisha msasa wa 80 chini yake, baadaye 180. Mkono mtupu unafuata mabonde, ubao mrefu unayakataa. Sugua kwa mshazari, kulia halafu kushoto, usikae pahali pamoja. Ukishapiga praima nzito juu, ikikauka, pulizia vumbi jembamba la rangi nyeusi ya kopo kote, nyembamba kabisa hata praima bado unaiona, halafu sugua na msasa wa 320 kwenye ubao ule ule. Hapa ndipo napapenda kuliko hatua nyingine yoyote, manake gari inaanza kukuonyesha yenyewe: weusi unapobaki ni bonde, na pale bati linapotokea haraka ni kilima. Mlango wa 240Z unaweza kuonekana mzuri kabisa kwa macho na bado ukabaki na kisiwa cheusi kama kiganja katikati. Usisugue hicho kisiwa peke yake ili kitoke, utakuwa umechimba zaidi, ongeza praima rudia tena. Watu wanaruka hii hatua, na ni hatua hii inayotenganisha gari nzuri na gari iliyopakwa rangi tu.

Kupuliza sasa. Adui wetu mkubwa ni maji kwenye upepo. Kompresa ikifanya kazi inapata moto, upepo unatoka na mvuke, ukipoa kwenye mpira wa kupitishia upepo unakuwa matone na unayatema kwenye rangi. Mwaga maji ya tangi kabla ya kuanza, pitisha upepo kwenye bomba refu la chuma lililolala kwa mteremko ili upoe mapema, weka chujio la maji mwisho wake ndio mpira uanze. Vile vikompresa vidogo vya kujaza tairi haviwezi, utapuliza nusu ya mlango upepo umeisha. Umeme nao, kama kwenu unacheza cheza usianze tabaka la mwisho la rangi siku hiyo. Mimi napenda Januari na Februari au Juni na Julai, mvua ikiwa imepungua, asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo wa mchana haujainua vumbi jekundu. Mwagia ardhi maji kote. Thina, ile ya kuyeyushia rangi, iwe ya kampuni ile ile ya rangi na iwe ya hali ya hewa ya joto, inayokauka taratibu, ukitumia thina ya haraka kwenye joto letu rangi inafika kwenye bati ikiwa vumbi.

Na hapa nakuwa mkali kidogo. Rangi za 2K, zile zinazochanganywa na hadina, nyingi zina kemikali inaitwa isosianeti, na hiyo inaweza kukuachia pumu ya maisha. Maski ya kitambaa haisaidii kitu chochote, ile ya vumbi haisaidii, kinachokulinda vizuri ni maski inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Huna hiyo na watoto wa jirani wanacheza ng'ambo ya ukuta? Basi fanya kila kitu nyumbani mpaka praima ya mwisho, mradi praima yenyewe isiwe na isosianeti, sugua na msasa wa 600 kwa maji, halafu ipeleke kwenye chumba cha kupulizia cha watu wenye vifaa walipwe hiyo siku moja. Gari bado umeifanya wewe.

Ikishakauka na kupigwa polishi kabla hujarudisha kapeti na viti, ingiza mafuta ya nta ya kuzuia kutu ndani ya maboksi ya chini ya milango kwa mpira mwembamba mpaka yachuruzike, kisha zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango na chini ya kioo, mara nyingi yameshazibwa na praima yako mwenyewe.