Ile M ya McDonald's haikuanza kama herufi

Wengi wanaamini kwamba M ya njano ya McDonald's, migahawa ya Kimarekani ya vyakula vya haraka, ilichorwa kuwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo wa ndugu wawili walioianzisha, Richard na Maurice. Haikuwa hivyo. Ilianza kama sehemu ya jengo.

Mwaka 1952 Richard alitaka mgahawa utakaoonekana na madereva wakiwa bado mbali, akachora nusu duara mbili. Msanifu majengo Stanley Meston akazigeuza kuwa matao marefu ya bati lililopakwa rangi ya njano na kuzungushiwa taa za neoni, tao moja kila upande, yakipenya paa. Jengo la kwanza lenye matao hayo lilifunguliwa Phoenix, Arizona, mwaka 1953. Ukisimama mbele kabisa, unaona matao mawili yaliyoachana, basi. Sogea pembeni hadi kwenye kona ya barabara: tao la mbali linapishana na la karibu, na hapo ndipo M inapojitokeza.

Nembo ya 1962, ya Jim Schindler, mkuu wa uhandisi na usanifu wa kampuni hiyo, ilichora pembe hiyohiyo. Mstari wa mshazari uliokata matao ulikuwa paa lenyewe. Mwaka 1968 mstari ukafutwa, ikabaki M tupu, na chanzo chake kikasahaulika. Kabla ya nembo ya 1962 alama ilikuwa Speedee, kikatuni cha mpishi.

Kaulimbiu nayo huhesabiwa kuwa ya Kimarekani. Lakini "I'm lovin' it" ilizinduliwa Munich, Ujerumani, mwaka 2003, kwa Kijerumani: "Ich liebe es".