Kuziba na kuvamia: faulo mbili za kikapu zinazozua kelele

Aliyezoea soka akitazama mpira wa kikapu huchanganyikiwa: chini ya ringi watu wanakumbana mabega na filimbi iko kimya, kisha mmoja anaguswa kiganja tu, faulo. James Naismith alipoubuni mchezo huu Springfield, Marekani, mwaka 1891, kanuni zake 13 zilikataza kupiga kumbo, kushika, kusukuma, kutega na kupiga. Hayo yamebaki. Lakini refa wa leo hujiuliza zaidi nani alitangulia kufika mahali pale.

Mchukulie kila mchezaji kama amesimama ndani ya pipa lisiloonekana, kutoka sakafuni kwenda juu. Ndani ya pipa lake ana haki, hata akiruka wima na mikono juu. Beki akishatua miguu yote miwili akimtazama mwenye mpira, kisha akapigwa kumbo kifuani, mshambuliaji ndiye mkosaji: amevamia. Beki akichelewa, akaingiza nyonga au goti njiani, au akajipenyeza wakati mshambuliaji yuko hewani, hapo yeye ndiye ameziba njia. Si lazima beki awe ameganda kama nguzo, ingawa mashabiki wengi wanaamini hivyo. Akishapata nafasi yake anaruhusiwa kurudi nyuma au kusogea pembeni.

Tofauti ni ya sekunde moja, gharama zake haziko sawa. Kuvamia hakuleti mitupo huru, yaani kurusha ringini bila kuzuiwa na mtu, mpira unahamia upande wa pili. Kuziba mtu anayerusha huleta mitupo miwili au mitatu, au mmoja kama mpira umeingia. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, faulo ya tano inakutoa uwanjani. NBA, ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani, ni ya sita.

Usichanganye kuziba na bloku. Bloku ni kuupiga mpira uliorushwa usifike ringini, na si kosa: sifa hiyo ndiyo iliyompandisha Mtanzania Hasheem Thabeet hadi akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, mwaka 2009.

Kuna na wanaojiangusha kama waliopigwa radi ili refa aone uvamizi. Ukumbi ukiwa na kelele, tazama mikono ya refa: viganja kiunoni, beki ameziba, ngumi ikigonga kiganja, mshambuliaji amevamia.