Kwa nini mtunza nyaraka hapangi upya karatasi za marehemu?

Familia ikipeleka makaratasi ya babu kwenye hifadhi ya nyaraka, mara nyingi huwa imeshayapanga: barua huku, risiti kule, mashairi kwenye bahasha yake, vyote kwa tarehe. Nia ni njema, ila ushahidi mwingi umeshapotea.

Tuseme kuna barua isiyo na tarehe wala jina, imetiwa saini “ndugu yako” tu. Ikikutwa katikati ya barua za Machi na Aprili 1931, tena imefungwa kwa uzi mmoja na stakabadhi za shamba la minazi, msomaji anaweza kukisia iliandikwa lini na kwa shauri gani. Ukiihamishia kwenye bahasha ya “barua za ndugu”, inabaki karatasi bubu.

Kanuni zinazofuatwa ni mbili. Ya kwanza ni asili: karatasi za mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine, hata zikihusu jambo lile lile. Tungo za mshairi Muyaka wa Mombasa zilikusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na mmisionari W. E. Taylor, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Baadaye William Hichens akazishughulikia na kutoa diwani mwaka 1940. Karatasi za Taylor na za Hichens ziko kwenye chuo cha SOAS, London, na kila mmoja ana makusanyo yake. Zingetiwa zote kwenye sanduku la “Muyaka”, ingekuwa kazi kubwa kujua neno lililobadilika lilibadilikia mikononi mwa nani.

Ya pili ni mpangilio wa awali, yaani utaratibu aliouacha mwenyewe, hata ukionekana wa ovyo. Kama kweli hakuna utaratibu, mathalani warithi wamemwaga kila kitu kwenye gunia, mtunza nyaraka hupanga, kisha huandika kwenye mwongozo wa makusanyo kwamba mpangilio huo ni wake.

Kazi yenyewe huanza kabla ya kufungua uzi wowote. Kila furushi hupigwa picha na kupewa namba. Likiwa na wadudu, hutiwa kwenye mfuko wa plastiki uliozibwa na kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja hadi mbili. Likitoka huachwa kama saa 24 mfuko ukiwa bado umefungwa. Hapa ndipo wenye haraka huharibu, kwani hewa ya nje yenye unyevu ikigusa karatasi baridi huacha matone na wino hutota. Karatasi zenye ukungu hutengwa, zikaushwe kwanza, wala hazifutwi kwa kitambaa kibichi.

Kisha pini na vibanio vyenye kutu hutolewa, lakini kurasa zilizobanwa pamoja hubaki pamoja ndani ya karatasi iliyokunjwa isiyo na asidi. Picha zikihamishiwa kwenye hifadhi yake, pale zilipokuwa huwekwa kipande cha karatasi kinachosema zimekwenda wapi. Namba huandikwa kwa penseli laini, 2B hivi. Ya wino haifutiki, na penseli ngumu huchimba.

Hifadhi nyingi huorodhesha jalada, si ukurasa mmoja mmoja; jalada lenye kurasa 200 huwa mstari mmoja kwenye orodha. Anwani pekee ya ukurasa ni mahali ulipo. Ndiyo maana chumba cha kusomea hutoa jalada moja moja, na msomaji akiona kurasa zimepinduka huambiwa amwite msimamizi badala ya kuzirekebisha mwenyewe. Ukurasa uliorudishwa kwenye jalada la jirani hauna tofauti kubwa na ulioibwa.

Wenye makaratasi nyumbani wapige picha ya kabati likiwa limejaa, droo kwa droo, waandike ni nani aliyekuwa akilitumia, kisha wahamishe kila droo kwenye boksi lake. Stepla zenye kutu wasizing'oe, wamwachie mtunza nyaraka.